Kuvuka mpaka hakufuti posho ya watoto

Siku hizi mwanamume wa Katana akitaka kumwacha mke wake, hahitaji wazee wala hakimu. Anapanda gari la Bukavu au boti pale Kabamba, anabadilisha laini ya simu, basi. Mwaka wa kwanza anatuma pesa kwa M-Pesa kila mwezi. Mwaka wa pili anatuma wakati wa Noeli, na labda Septemba shule zinapofunguliwa. Mwaka wa tatu namba haipatikani, na habari kwamba ameoa Kampala, Lusaka au Kinshasa inaletwa na jirani. Hakuna aliyetamka talaka wala aliyegawa mali. Mke yupo, watoto wapo, posho haipo.

Huko si kuvunja ndoa. Ni utoro, na sheria ya Kongo haijawahi kuubariki. Tunalisema hili wazi kwa sababu wengi huku kwetu, wakiwamo wazee wa familia na hata baadhi ya machefu, wamezoea kulichukulia jambo hili kama mvua ya mawe: limetokea, mama avumilie.

Kuondoka kwenyewe si kosa. Katana iko kama kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya Goma kando ya ziwa, na kila anayelifahamu eneo letu la Kabare anajua mashamba yalivyo madogo na watu walivyo wengi. Hospitali ya FOMULAC na kituo cha utafiti cha Lwiro haviwezi kumwajiri kila kijana. Kwa hiyo wanaume wanakwenda kuchimba dhahabu Kamituga na Shabunda, wanakwenda kufanya biashara Kinshasa, wanavuka kuingia Uganda, Burundi na Zambia, na waliojaliwa wanafika Marekani na Kanada. Nyumba nyingi za Irhambi-Katana zimejengwa kwa pesa za waliotoka. Hao tunawapongeza.

Halafu ikaja vita. Februari 2025 waasi wa M23 walitwaa uwanja wa ndege wa Kavumu, wakaingia Bukavu, na mume na mke wengi wakajikuta kila mmoja yuko upande wake wa mstari wa mapigano. Watumishi wa Leta (serikali), askari, polisi na mahakimu walikimbia usiku. Benki zilifungwa. Mtu aliyekimbia risasi akapoteza mshahara na simu hastahili kuitwa mtoro, na tunawaomba majirani wasimwite hivyo. Lakini tunawajua pia wale waliokuwa wamekwisha kuacha kutuma tangu zamani, ambao sasa wamepata kisingizio cha kudumu. Ukiwauliza, wanasema njia imefungwa. Njia ya pesa ya simu haikufungwa kwa harusi yao ya pili.

Sheria inasema nini? Sheria ya familia (Code de la famille) ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, haina kigugumizi. Hakuna anayeruhusiwa kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa au kubatilishwa. Mume na mke wanadaiana matunzo. Kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Marekebisho ya 2016 yaliondoa pia ile aibu ya zamani ya mke kuhitaji ruhusa ya mumewe kwa karibu kila tendo la kisheria. Na ndoa inavunjwa na tribunali ya amani, ile watu wanayoiita tripaix. Haivunjwi na ukimya wa simu.

Kuna kifungu kimoja ambacho tungependa kila mama wa Katana akijue kwa moyo. Ombi la talaka linaweza kupelekwa kwenye tribunali ya mahali anapokaa mshtakiwa, au ya mahali ambapo wenye ndoa walikaa pamoja mara ya mwisho. Maana yake ni kwamba mama aliyeachwa Kabamba hana haja ya kumfuata mumewe Kinshasa, seuze Kampala. Nyumba yao ya mwisho ilikuwa hapa, kwa hiyo shauri ni la hapa. Mara ngapi tumesikia mama akiambiwa, na watu wenye elimu zao, kwamba mpaka amfuate mume huko aliko? Si kweli. Na utengano wa upande mmoja uliodumu miaka 3 unamruhusu hakimu kuona kwamba ndoa imekufa, hata kama mume anang'ang'ania kwenye simu kwamba bado ni mke wake.

Kinachomkwamisha mama ni kumfikishia mume wito. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na utaratibu wetu wa mashauri ya madai, uliowekwa kwa dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, umebaki na fimbo fupi sana. Mshtakiwa anapewa siku 8 kamili za kujitayarisha, na siku 1 zaidi kwa kila kilomita 100 za umbali. Asiye na makazi Kongo anapewa miezi 3. Hayo ni sawa, ni haki yake. Lakini tazama wito unavyosafiri. Anayekaa nje ya nchi na anwani yake inajulikana, nakala moja inabandikwa kwenye mlango wa tribunali na nyingine inatumwa kwa posta, rejista. Asiyejulikana alipo kabisa, wito unabandikwa mlangoni na muhtasari wake unachapwa katika Journal Officiel, gazeti rasmi la serikali, huko Kinshasa.

Sasa, ni nani Katana aliyewahi kupokea barua ya rejista katika miaka hii? Ni nani aliyewahi kuiona Journal Officiel? Mume yuko Lusaka, ana WhatsApp, picha yake mpya anaibadilisha kila wiki, kaka yake anaongea naye kila Jumapili baada ya misa. Kijiji kizima kinajua aliko. Ni tribunali peke yake isiyojua. Karatasi inakaa mlangoni inapigwa na jua, mama anarudishwa mara mbili, mara tatu kwa sababu wito haujathibitishwa kufika, na kila safari ni nauli ya pikipiki na siku moja ya shamba iliyopotea. Mwisho anachoka, na kuchoka kwake ndiko kunakomwachilia mume.

Bunge la Kinshasa lingeweza kuliondoa tatizo hili kwa kifungu kimoja: wito upelekwe pia kwa simu na kwa ujumbe wa WhatsApp, mbele ya karani, kwa namba ambayo ndugu wa mume wameithibitisha. Mahakama za nchi nyingi zilianza kukubali ujumbe wa namna hiyo kabla hata ya korona. Hatuoni sababu ya Kongo kungoja. Na ndugu wa mume waitwe watoe namba. Mjomba aliyekula mbuzi wa harusi asije akasema leo hajui kijana wao yuko wapi.

Na mlango wenyewe wa tribunali? Huu ndio uchungu wa sasa. Tangu Februari 2025 mahakimu wa Leta waliondoka sehemu zilizoingia mikononi mwa M23 na muungano wake wa AFC, na wananchi waliobaki huku wako chini ya uongozi ambao Kinshasa inauhesabu kuwa batili. Mama akipata uamuzi wa matunzo kwa wakubwa waliopo, ataupeleka wapi ikiwa mume ni mtumishi anayelipwa na hazina ya Kinshasa? Na akipata hukumu Kinshasa, ni nani atakayeitekeleza Katana? Nchi moja, lakini kwa mama huyu ni dola mbili. Wanaume wanaotaka kukwepa wamekwisha kuigundua nafasi hiyo.

Hatuingii hapa katika ugomvi wa nani ana haki ya kutawala. Tunasema kwamba watoto hawakuchagua upande. Wizara ya Sheria ielekeze tribunali zinazofanya kazi upande wa Kinshasa zipokee maombi ya matunzo ya watu wa Kabare na Kalehe, kwa njia ya avoka (wakili) au ndugu mwenye hati ya uwakilishi, bila kumdai mama avuke mstari wa mapigano ili tu atie sahihi. Hukumu kama hiyo inaweza kumfikia mume aliyeko upande huo, na mshahara wake. Sheria inamruhusu tayari hakimu kumpa mke kibali cha kupokea sehemu ya mapato ya mume asiyechangia nyumba. Watumishi wangapi wa Leta wamewahi kukatwa hivyo? Kifungu kipo, kinasubiri mtu wa kukitumia.

Wasiwasi wa wengine ni kwamba hakuna la kufanya wakati wa vita. Lakini hapa Kavumu penyewe, mlango wa pili kutoka Katana, Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa karibu na wananchi na kuwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wadogo, akiwamo mbunge wa jimbo. Familia hazikwenda Kinshasa, mahakama ilizifuata. Kilichowezekana kwa shauri zito kama lile kinawezekana kwa posho ya mtoto, siku usalama utakaporuhusu. Vikao vya kutembea vya masuala ya familia viwe vya kwanza kurudi.

Tukivuka mpaka wa nchi, hali inakuwa mbaya zaidi, na hapa tunailaumu serikali bila kuzunguka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tumeambiwa habari za soko, forodha, jeshi la pamoja. Habari za mama anayedai matunzo kwa mume aliyeko Kampala hatujazisikia. Kenya na Uganda zina sheria, urithi wa enzi ya Mwingereza, zinazowezesha amri ya matunzo iliyotolewa katika nchi iliyopatana nazo isajiliwe na kutekelezwa kwao. Kongo, iliyorithi sheria za Mbelgiji, iko nje ya mpango huo. Hukumu ya kigeni ikija kwetu inapitia tribunali kuu ili ipewe nguvu. Ya kwetu ikienda kwao inaanza safari mpya, kwa lugha nyingine na kwa avoka mwingine wa kulipwa. Mama anayeuza ndizi Kabamba hawezi safari hiyo. Kuna mkataba wa The Hague wa mwaka 2007 juu ya kudai matunzo ya watoto nje ya nchi, ambao chini yake ofisi za serikali zenyewe ndizo zinazofuatiliana. Marekani imo tangu 2017. Kongo haimo. Wabunge wetu walioko Arusha walifanye hili kuwa hoja yao ya kwanza, na Kinshasa itie sahihi.

Kwa walioko Marekani tuna neno la ziada, maana huko zinatoka karatasi zinazowatisha watu. Mama anapokea kwenye simu picha ya hati ya Kiingereza yenye muhuri, mume anamwambia: nimekuacha, kesi imekwisha, usinidai tena. Mama analia, anaamini. Asiamini haraka hivyo.

Wamarekani wenyewe walipambana na jambo hili zamani, kwa kuwa majimbo yao kila moja lina mahakama zake. Bwana na Bibi Estin walitengana New York, na mwaka 1943 mahakama ya huko ikamwamuru bwana alipe dola 180 kwa mwezi. Bwana akahamia Nevada, ambako kukaa wiki 6 kulitosha kufungua shauri la talaka. Akaipata, mke akiwa hayupo mbele ya mahakama hiyo, akaacha kulipa. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1948, majaji walisema ndoa imevunjika kweli, lakini posho iko palepale: Nevada haikuwa na mamlaka ya kumnyang'anya haki yake mwanamke ambaye hakusimama mbele yake. Mwaka 1957, katika shauri la Vanderbilt, wakaenda mbele zaidi: hata kama posho ilikuwa haijaamriwa kabla ya talaka, mke hakuipoteza.

Basi ndugu aliyeko Texas au Ohio anaweza kuwa ameivunja ndoa yake huko. Posho ya mke ambaye hakusimama mbele ya hakimu huyo ni shauri jingine, ambalo halikumalizwa na karatasi ile. Kuhusu watoto, majimbo yote ya Marekani yana sheria ya pamoja ya matunzo, na amri ya jimbo moja inamfuata baba hadi jimbo jingine, hadi kwa mwajiri wake, anayekata mshahara kabla haujamfikia. Mzazi anayeishi nje ya Marekani anaweza kufungua shauri katika jimbo anakokaa baba. Jumuiya zetu za Wakongomani huko, na maparokia yao, zina watu wanaojua Kiingereza na wanaojua njia ya mahakama. Wamsaidie mama kujaza fomu. Kumsitiri mtoro kwa sababu anatoa mchango mzuri kwenye mikutano ni kula pamoja naye posho ya watoto.

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna matunzo ambayo hayahitaji benki wala mpaka. Matunzo ya kweli ya mama wa Katana ni shamba. Ni ule mpande wa muhogo, maharage na migomba ambao mume aliupata kwa baba yake, na baba yake aliupata kwa kalinzi, yaani mapatano ya mila ya ardhi, kutoka kwa chefu. Mume anapopotea, mashemeji wanaanza kuusogelea. Kwanza wanavuna ndizi. Kisha wanapanda upande wa chini. Kisha wanamwambia mama: mwenye shamba hayupo, wewe ni mgeni hapa. Pesa ikikatika mama anaumia; shamba likiondoka anafukuzwa, anarudi kwa baba yake na watoto 5 au 6, na huko kaka zake nao wanamwangalia vibaya, wanauliza ng'ombe wa mahari atarudishwa na nani. Kwa kuogopa ng'ombe huyo, wazee wengi wanamrudisha binti yao kwenye nyumba isiyo na mume wala chakula.

Kwa hiyo tunawaomba mahakimu, na kabla yao machefu wa vijiji: mnapoandika matunzo, andikeni shamba. Andikeni linaanzia mti upi, linaishia kijito kipi, na kwamba mama na watoto wanalilima hadi mtoto wa mwisho afikishe miaka 18. Mume anaweza kuficha mshahara Lusaka, lakini shamba la Katana hawezi kulipakia kwenye boti. Na chefu anayemwachia shemeji avune shamba la watoto wa ndugu yake, huku akijua baba yupo hai, anashiriki wizi.

Yapo pia ya kufanywa na wenye ndoa wenyewe, na yafanywe sasa kabla ya ugomvi. Ndoa ya mila ni ndoa, lakini sheria inataka iandikishwe kwenye ofisi ya etasivili (état civil), na bila karatasi hiyo mama anahangaika kuthibitisha mbele ya watu wa nje jambo ambalo kijiji kizima kilicheza ngoma yake. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 za kuzaliwa, na jina la baba liwe pale. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe: unaonyesha tarehe, jina la mtumaji na kiasi, na unathibitisha kwamba baba aliwajua watoto hawa na alikuwa akiwalisha. Simu ikiharibika, mama awe amekwisha kuziandika tarehe hizo kwenye daftari. Asiye na uwezo aombe hati ya umaskini, inayomwondolea gharama za mahakama. Bukavu kuna msaada wa sheria kwa wanawake wa Fondation Panzi, na maparokia yana kamati za Haki na Amani zinazojua kuandika ombi. Hakuna aibu kugonga milango yao.

Wapo wanawake nao walioondoka, wakamwachia baba watoto wadogo. Sheria haiwasamehe kwa sababu ni akina mama. Wanaodaiwa ni wazazi wote wawili, kila mmoja kwa uwezo wake, popote alipo.

Nawe ndugu uliyeko mbali, Kampala, Lusaka, Kinshasa au Ohio, ukisoma haya kwenye simu ile ile ambayo mkeo hawezi kukupata: kama ndoa imekushinda, peleka shauri kwenye tribunali, useme mbele ya hakimu kwamba imekushinda, na mgawane kwa haki. Hilo ni haki yako, hakuna atakayekulazimisha kupenda. Ila mwezi huu tuma posho ya watoto, na mwezi ujao pia, bila kungoja hakimu akuandikie. Na mpe mama yao namba inayopatikana.